MANUKATO YA MWANAUME NA SAFU YA SALA

Bismillahi Rahmani Rahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.

Ijumaa iliyopita, tulipokuwa tunatoka, kijana mmoja alinishika mkono pale penye viatu akaniuliza: "Maalim, mimi napenda sana marashi. Niko na chupa kumi na moja nyumbani. Mama mkwe wangu anasema ni ugonjwa, na tena ni dhambi. Wewe unasemaje?" Nilicheka, kwa sababu hakujua anamuuliza nani. Chini ya kitanda changu kuna katoni, ndani yake chupa ishirini na tatu, na pamoja nazo daftari ya shule ambamo nimeandika habari za kila chupa: inanukaje asubuhi, inanukaje adhuhuri, na inakaa saa ngapi juu ya kanzu. Basi somo la leo lisome ukijua kwamba mwalimu naye ana ugonjwa huo huo.

Tuanze na dhambi. Kupenda harufu nzuri si dhambi. Mtume wetu (s.a.w.) alitaja manukato kati ya vitu vya dunia alivyopendezewa, kisha akaitaja sala kuwa ndiyo burudisho la jicho lake. Anas bin Malik amepokea kwamba hakuwa akirudisha manukato anapopewa. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akimpaka kwa mkono wake kabla hajaingia katika ihramu, na akasimulia kwamba aliona mng'aro wa manukato katika njia ya nywele zake. Na kwa siku ya leo hasa, kuoga, kupiga mswaki na kujipaka manukato ni katika mambo tuliyoagizwa, kama ilivyo katika Hadithi za Abu Said al-Khudri na Salman al-Farisi.

Lakini angalia vizuri namna ilivyosemwa. Katika upokezi wa Salman ni manukato ya nyumbani kwake mtu, yaani kile alicho nacho. Na katika upokezi mmoja wa Muslim imekuja kwamba ajipake hata kama ni manukato ya mkewe. Fahamu hapo, ndugu yangu. Mwanamke wa zama zile manukato yake yalikuwa yenye rangi, na ya mwanaume yenye harufu bila rangi, lakini asiye na ya kwake aliambiwa achukue ya mke kuliko kuja mikono mitupu. Hakuna aliyeambiwa akope. Mwenye tone moja la mafuta ya soko amekwisha kupata sunna nzima, sawa na mwenye chupa ya dola mia.

Nasema hivi mapema kwa sababu sisi Wakongomani tunajijua. Watu wa Kinshasa na Brazzaville wamejulikana duniani kwa mavazi, na marehemu Papa Wemba, aliyefariki mwaka 2016, aliimba na kuvaa mpaka jina la Sape likafika Paris na kurudi. Nasi huku Maniema tunajifanya hatumo, lakini tazama Idi.

NI NINI KILICHO NDANI YA CHUPA

Mimi nilianza kwa sababu ya baba yangu mdogo. Alikuwa na chupa ya kijani iliyoandikwa Brut, akajipaka na abacost yake kila alipokwenda kazini. Brut ilitolewa na Fabergé mwaka 1964. Miaka mingi baadaye niliikuta sokoni, nikafungua kifuniko, na baba mdogo akasimama mbele yangu mzima kabisa, naye amekwisha kufa. Siku ile nilinunua chupa na daftari.

Juu ya chupa utasoma maneno ya Kifaransa. Usifikiri ni mapambo. Yanaeleza kiasi cha mafuta ya harufu yaliyochanganywa na pombe. Eau de cologne huwa na mafuta kidogo, kama sehemu mbili hadi tano katika mia. Eau de toilette ni tano hadi kumi na tano. Eau de parfum ni kumi na tano hadi ishirini. Inayobaki ni pombe na maji kidogo. Mafuta ya Waarabu na Wahindi, yale ya kichupa kidogo chenye kijiti cha kioo, kwa kawaida hayana pombe, ndiyo maana tone moja linatosha na lingine linaharibu kanzu. Bint el Sudan, ambayo wazee wetu wengi wanaijua, ilianza mwaka 1920 huko Khartoum, nayo ni ya namna hiyo ya mafuta.

Pombe ile inaruka upesi sana, na inaporuka inabeba harufu. Harufu nazo haziondoki pamoja. Za kwanza ni nyepesi: ndimu, machungwa, bergamoti, baada ya robo saa hivi huzioni tena. Za pili ni lavanda, maua, majani na viungo. Hizo zinakaa nawe saa kadhaa. Za mwisho ni nzito: mbao za msandali, utomvu, miski, vanila, hizo unazikuta jioni, na juu ya kitambaa hata kesho yake. Basi muuzaji wa sokoni anapokupulizia kwenye kikaratasi, unasema "ah, nzuri!", unatoa feza. Umenunua nini? Umenunua robo saa ya ndimu. Ukifika nyumbani utakuta mtu mwingine amekaa ndani ya chupa. Pulizia mkononi, mara moja, kisha enda zako. Zunguka soko, swali adhuhuri, rudi na mkono wako. Muuzaji mzuri atakungoja, na asiyekungoja anajua kwa nini hataki urudi.

Na usinuse nne au tano kwa mkupuo. Pua huchoka haraka. Mimi nanusa mbili kwa siku, na nikichanganyikiwa nanusa nguo yangu mwenyewe iliyofuliwa, kisha naanza tena.

Mtu akisoma daftari yangu ataona kwamba chupa nyingi za wanaume zina babu mmoja. Mwaka 1868 mwanakemia wa Uingereza, William Perkin, alitengeneza kumarini, harufu ya majani makavu yaliyokatwa. Mwaka 1882 nyumba ya Houbigant ya Paris ilitoa Fougère Royale, kazi ya Paul Parquet, iliyotumia kumarini ile pamoja na lavanda. Fougère ni kangaga, yale majani ya kivulini karibu na mto. Na kangaga yenyewe haina harufu ya maana! Mtu alikaa akaiwazia harufu ambayo Mungu hakuipa, na toka hapo ukoo mzima wa manukato ya kiume ukazaliwa: lavanda juu, majani makavu chini. Brut ni wa ukoo huo. Drakkar Noir ya mwaka 1982 pia. Cool Water ya mwaka 1988, kazi ya Pierre Bourdon, ilichukua ukoo huo ikauogesha kwa maji, na toka siku ile nusu ya chupa za sokoni zinajaribu kuiga maji yale.

Hivi ndivyo ninavyoandika. Nakunakilia moja kama ilivyo: "Drakkar Noir. Ndimu na lavanda, kisha msonobari, kisha ngozi na moshi kidogo. Chini ya mabati ya Kindu saa nane mchana inakuwa kali kama sabuni ya kufulia. Jioni ya mvua ni nzuri sana. Saa sita juu ya kanzu. Inafaa harusi. Haifai safu ya kwanza." Hayo maneno ya mwisho niliyaongeza baadaye, na sababu yake utaiona.

Udi una ukurasa wake. Ni utomvu wa mti unaoota Assam, Kambodia, Indonesia na nchi za kando yake. Mti ukiugua kwa kuvu, unajitetea kwa kutoa utomvu mweusi, na ugonjwa huo ndio wenye bei. Mti mzima ambao haukuugua hauna thamani hiyo. Kwa kuwa umekatwa sana, biashara yake sasa iko chini ya mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe. Basi ukiuziwa "udi safi wa Kambodia" sokoni kwa bei ya soda mbili, ndugu yangu, tabasamu na ujue ni mchanganyiko wa maabara. Si haramu kuununua. Haramu ni yule anayejua na akaapa ni safi. Hali kadhalika miski: ya asili ilitoka katika kifuko cha paa dume wa milima ya Tibeti na Himalaya, na tangu mwaka 1888, Albert Baur alipopata harufu kama ile akiwa katika kazi za baruti, karibu miski yote unayokutana nayo imetoka kiwandani.

SWALI LA POMBE

Najua wengi mmeanza kusoma hapa. Je, manukato yenye pombe yanaharibu sala?

Maulamaa wamehitilafiana, nami sitakuficha. Walio wengi katika madhehebu manne, na humo madhehebu yetu ya Imamu Shafii, wamesema ulevi ni najisi, wakitegemea aya ya 90 ya Suratul Maida iliyouita uchafu. Kwa kufuata njia hiyo, maulamaa wengi wakubwa wamekataza manukato yenye pombe, na anayeyaacha kwa ajili ya hayo ameshika kamba imara. Wengine wamesema uchafu uliotajwa ni wa tendo, kwa kuwa aya ile ile imetaja kamari na masanamu, na hakuna anayeosha mkono kwa kugusa karata. Tena ulevi ulipoharamishwa ulimwagwa katika njia za Madina, na njia za watu hazimwagiwi najisi. Rai hii imenukuliwa kwa Rabia, mwalimu wa Imamu Malik, kwa Layth bin Saad, na kwa al-Muzani aliyekuwa mwanafunzi wa Shafii mwenyewe. Katika zama zetu, baraza la fikihi la Makka mwaka 2002 liliruhusu pombe katika dawa za kusafishia vidonda na katika mafuta ya kupaka nje ya mwili.

Mimi ninafanya hivi: siku sita ninavaa chupa yoyote, na Ijumaa ninavaa mafuta yasiyo na pombe, ili nitoke katika hitilafu. Usimtazame vibaya aliyechukua rai nyingine. Nimewahi kusikia mtu akimwambia jirani yake "sala yako imevunjika" kwa sababu ya harufu ya kola. Hilo neno lilikuwa zito kuliko chupa.

BABA WA VERANDANI

Sasa nifike pale ambapo daftari yangu ilinishitaki.

Kuna baba mmoja mzee kati yetu, mstaafu wa reli. Miaka yote alikuwa safu ya pili, upande wa kuume, karibu na dirisha. Kisha tukaona anasali verandani, juu ya mkeka wake, hata siku za mvua. Tulidhani ni magoti. Wengine walidhani amekasirikia kamati. Mimi, nikiwa mwalimu wa msikiti, nilikaa miezi miwili bila kumuuliza, na hilo ni kosa la kwanza. Siku nilipomuuliza alisema kwa upole: "Mwanangu, kifua changu hakiwezi. Nina pumu. Kuna harufu moja pale ndani, tangu mlipoanza nayo, ninakosa pumzi kabla ya ruku'u."

Nikamuuliza harufu gani. Akasema: "Kama moshi na ngozi. Unayo wewe sasa hivi."

Ndugu msomaji, nilikuwa nimepulizia mara saba. Saba! Na kwa nini? Kwa sababu sikuwa naisikia tena. Hii ndiyo sehemu ambayo nakuomba uielewe, kwa kuwa haihusu uchoyo wala majivuno, ni namna pua ilivyoumbwa. Harufu ikikaa nawe, pua inaizoea na kunyamaza, kama usivyosikia moshi wa jikoni kwenu mpaka mgeni akohoe. Mtu anayevaa chupa moja kila siku, baada ya majuma machache anadhani imekuwa dhaifu. Anaongeza. Jirani yake hakuzoea. Jirani anapokea zote saba. Basi pua yako si shahidi wa kuaminika juu ya harufu yako. Muulize mke, muulize mtoto, mtoto hatakudanganya.

Jabir bin Abdillahi amepokea kwamba aliyekula kitunguu saumu au kitunguu maji akae mbali na msikiti wetu, na sababu iliyotajwa ni kwamba malaika wanaudhika kwa kile kinachowaudhi binadamu. Tazama sababu, usitazame kitunguu peke yake. Vitunguu ni halali, na vilikatazwa mlangoni mwa msikiti kwa ajili ya jirani. Kwa fahamu yangu, manukato yakizidi mpaka yakamtoa mwenye pumu nje, yameingia mlango huo huo, hata yakiwa miski safi. Kama maalim mwingine ana fahamu nyingine, na anioneshe.

Kwa hiyo kipimo cha msikitini: chupa ya kupulizia, mara moja kifuani chini ya kanzu, au mara mbili ikiwa ni eau de cologne. Mafuta, tone moja, ugawanye nyuma ya masikio mawili. Ufanye hivyo nyumbani, nusu saa kabla ya kutoka, harufu kali za kwanza ziishie njiani. Usipulizie ndani ya msikiti. Wala usizunguke safu ukiwapaka watu mikono bila kuwauliza, kama tunavyopenda kufanya siku ya Idi. Ni ukarimu, ndiyo, lakini uliza kwanza. Na usipake mafuta ya udi juu ya kanzu nyeupe, doa lake halitoki. Hili nimelijua kwa gharama.

FEZA

Aya ya 31 ya Suratul Aaraf imetuamrisha kuchukua pambo letu kila tunaposali, na aya hiyo hiyo imekataza kupita kiasi. Mambo mawili katika aya moja. Kiasi ni kipi? Sitakupa hesabu ya dola. Nitakueleza tu kwamba mwaka fulani nilinunua chupa niliyoitamani muda mrefu, na majuma mawili baadaye binti yangu alirudishwa nyumbani kwa ajili ya minervale. Mke wangu hakusema neno. Alichukua chupa akaiweka juu ya meza ya chakula, katikati, karibu na sahani ya bugali. Ilikaa pale mpaka nilipoiuza kwa hasara. Tangu hapo natumia kanuni moja: chupa mpya hainunuliwi mpaka ya zamani iishe, na hainunuliwi mwezi wa Septemba.

Uhifadhi pia ni feza. Jua na joto vinaua manukato. Usiiweke dirishani ili wageni waione. Iweke ndani ya kasha lake, gizani, mbali na mabati.

Wewe unayependa kunusa, kuna jambo dogo la kujichunga. Imesimuliwa kwamba Umar bin Abdul-Aziz aliletewa miski ya hazina ya Waislamu, akaziba pua yake. Alipoulizwa, jibu lake lilikuwa kwamba faida ya miski ni hiyo harufu tu. Basi sisi tunaoingia dukani tukijipulizia chupa ya majaribio kila Alhamisi jioni, hatuna nia ya kununua, tunatoka tunanukia harusini, tujiulize. Kujaribu ni haki ya mnunuzi. Kujivalisha bure ni kitu kingine.

Na ukitoa maoni juu ya chupa, jua kwamba unashuhudia. Watu wanakuja kwangu: "Maalim, hii nzuri?" Naye aliyeniuliza ana dola kumi peke yake. Nikisema nzuri bila kuivaa, nimekula dola zake. Kwa hiyo siandiki neno mpaka nimeivaa siku tatu: ya jua, ya mvua, na ya kazi. Rafiki yangu akiwa ndiye muuzaji, naandika vile vile. Mmoja alikasirika kwa sababu nilisema "chupa hii ina jina la Paris na harufu ya chumba cha dawa." Alikasirika mwezi mmoja. Kisha akaanza kuniletea mzigo niunuse kabla hajaununua yeye.

Nirudi kwa kijana wa chupa kumi na moja. Nilimuuliza: watoto wamelipiwa shule? Akasema ndiyo. Deni? Hakuna. Jirani yako kwenye safu anakohoa? Akanyamaza, akasema hajawahi kutazama. Nikamwambia atazame leo, kisha amchukulie mama mkwe kichupa kimoja cha mafuta ya waridi.

Na yule baba wa reli, nilimwendea nyumbani na daftari yangu, nikamsomea majina, akaniambia ipi inamdhuru na ipi haimdhuru. Za moshi na ngozi, hapana. Za ndimu, sawa. Mafuta ya msandali alinusa muda mrefu, akaomba nimwachie kichupa. Ijumaa iliyopita alikuwa safu ya pili, upande wa kuume, karibu na dirisha.

Wabillahi tawfiq.